Kizibo cha Hemedi

Mara ya kwanza kumwona Hemedi, kivukoni Nyangwe, alikuwa anaiogesha motere ya mutumbwi. Ameuzamisha mguu wa motere ndani ya pipa la maji ya chemchemi, inanguruma, ipate kutapika mchanga wa Lualaba. Ubavuni, kwenye kitundu kidogo, maji yalikuwa yanaruka.

"Motere yako inakojoa," nikamwambia. "Mchele wangu siuweki juu ya kitu kinachovuja."

Watu wakacheka. Hemedi akajitetea: "Ndio uzima wake, Mzee Bulaimu. Maji hayo yanaipoza tumbo. Siku itaacha kukojoa, iko maiti."

Nilimwelewa vizuri. Lakini mnunuzi hamsifu mbuzi kabla hajamlipia. Nikaenda kwa wapiga kafi, nikamwacha na kicheko cha watu.

Motere haikuwa yake. Ilikuwa ya dada yake mkubwa, Mwamvita. Marehemu mume wake aliachiwa motere hiyo na Mubeleji, mzungu wa pamba aliyerudi kwao, na sasa ndiyo iliyokuwa ikimlisha mjane huyo na nyumba yake yote.

Soko lililofuata Hemedi aliniita mwenyewe. Motere inanguruma pipani, ubavu mkavu kabisa.

"Tazama, Mzee. Haivuji tena."

Tukapatana bei. Wingu lilikuwa limeinama ng'ambo, na magunia yangu hayapendi mvua. "Pakia! Pakia! Maneno utayamaliza ukifika!" nikamhimiza Hemedi.

Katikati ya mto nikasikia harufu ya chuma kinachoungua. Motere ikakohoa, ikakwama, ikanyamaza. Hemedi akapeleka mkono ubavuni, akachomoa kipande cha mpira wa baiskeli, na mvuke ukapiga mluzi. Alikuwa amekiziba kitundu kwa ajili ya macho yangu tu, akitaka kukizibua kabla hatujaondoka. Haraka yangu ikamsahaulisha.

"Usimwambie yaya Mwamvita," akasema, kafi mkononi, hanitazami.

"Mdomo wangu nao una bei, Hemedi."

Tangu siku hiyo akawa ananivusha kwa kafi, kwa nusu ya nauli. Dada yake aliambiwa ni mchanga umejaa tumboni mwa motere. Akaulaani mto, akashukuru Mungu kwa kumrudishia mdogo wake, akamchinjia kuku. Hemedi hakumgusa kuku yule. Toka hapo akawa anakula mlangoni kama mgeni, sahani mapajani, na dada yake akimwita jina tu, anashtuka.

Kiangazi kilipoingia Mwamvita akaniita nyumbani. Amesikia mjini Kasongo kuna fundi anayeweza kuitoa motere mchanga, ikafufuka. Ili amlipe, anauza cherehani yake. Hemedi akaileta kichwani, akaitua mbele yangu.

"Ni kuukuu," nikasema. "Gurudumu linalia."

"Linalia kwa sababu limekuona wewe," Mwamvita akanijibu. " Toa bei ya mutu, Bulaimu, si bei ya mwizi."

Tulivutana mpaka tukakaribiana. Nikanyoosha mkono niichukue. Hemedi akaikumbatia.

"Yaya, usiuze. Fundi hatakuta mchanga. Imeungua. Ni mimi niliiziba, huyu asiseme inavuja. Nikasahau."

Mwamvita akanigeukia mimi.

"Wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Na cherehani ungeibeba?"

"Ulikuwa unauza, dada."

Hakunitukana. Akamwambia Hemedi, "Rudisha ndani." Akairudisha, machozi yanamshuka na mikono haina nafasi ya kuyafuta.

Motere ile siku hizi imefungwa kamba, ndiyo nanga ya mutumbwi wao. Hemedi anavuta kafi, na mapato yote anayaweka mkononi mwa yaya yake, hajibakishii hata ya tumbaku, ingawa hakuna aliyemwagiza. Anakula ndani sasa, ila kuku bado hamgusi. Mimi nimekosa cherehani, na nusu yangu imekwenda: nalipa nauli nzima kabla sijaingiza mguu, na anayeipokea ni Mwamvita mwenyewe.