Vigelegele Vilivyodhaniwa Kelele

Siku ya kwanza kazini nilipewa ufunguo wa chumba kisicho na dirisha, katika hifadhi ya sauti, Mji wa Kale. Mkuu wa Mitambo, mtu mkali lakini mwenye haki, aliniambia kabla sijakaa: "Kazungu, hapa twageuza kinachosikika. Kilichohifadhiwa hakiguswi. Umenielewa?"

Nyinyi vijana mwadhani faili imekaa tu kwenye diski yangoja kufunguliwa. La! Kati ya diski na msikilizaji kuna mfumo unaoipanga na kuileta. Ndani ya mfumo huo niliunda tabaka: mtu akifungua wimbo, tabaka lauchuja papo hapo, mvumo wa pangaboi na honi za Feri zatoka, naye asikia sauti safi. Diskini wimbo wabaki vile vile na kelele zake.

Kasoro ilikuwa kwamba tabaka lilidhani vigelegele navyo ni kelele, likaviondoa. Kwa hiyo niliacha njia ya pili, ya kusikiliza asili bila kuchujwa. Aliyeitumia ni Bi Zainabu, muuza viazi karai wa soko la Marikiti. Marehemu mamake hakuwa mwimbaji. Katika wimbo mmoja wa harusi yeye ndiye aliyepiga vigelegele, na sauti yake haikubaki popote pengine.

"Sabalkheri, Kazungu. Nifungulie mama," husema, akavaa vipokea sauti juu ya buibui, akatabasamu.

Mkuu alipostaafu, Mkurugenzi mpya akalalamika kuwa tabaka lachelewesha mashine.

"Chujeni mara moja, muandike safi juu ya chafu, yaishe."

"Bwana Mkurugenzi, kanda zilizonakiliwa nyimbo hizi zilioza zikatupwa jaani Kibarani. Tukifuta faili hizi hatuna nyingine."

"Kwani nani huja kusikiliza makelele?"

"Yuko mtu."

"Mmoja?" Akacheka.

Nilikataa kata kata. Kisha nikafiwa na ndugu yangu, nikaenda matangani Kaloleni. Niliporudi, fundi mwengine alikuwa ameshatekeleza amri, na nakala za akiba nazo zimeandikwa upya. Loo! Nilipekua kila diski. Hapakuwa na kitu.

Bi Zainabu alikuja, akasikiliza, akarudia. "Kazungu, hapa ndipo mamangu huingia. Mbona kimya?" Nilimweleza. Hakunilaumu, na afadhali angenilaumu.

Sasa nimestaafu. Vijana huniuliza kuhusu kasi na nafasi. Hakuna aniulizaye nini kilichujwa. Juzi Bi Zainabu alinitembelea na viazi vyake, tukala. Kisha akasema, "Ndugu yangu, mimi naanza kumsahau. Wewe ulimsikia tangu ulipokuwa ukiunda tabaka lako. Alikuwa akipiga vipi?"

Mwanamume hapigi vigelegele. Nilifunga mlango, nikajaribu.

Alisikiliza mpaka mwisho, machozi yamtoka.

"Siyo hivyo, Kazungu," akasema. "Jaribu tena."