Karanga Kwenye Shifoni

Fundi cherehani huyu utamjua kwa midomo: akiona wivu, huibana kama anayeshikilia pini. Leo ameibana tangu asubuhi, kwani mama mkwe amesema tena, "Mchuzi wa karanga wa wifi yako ni laini. Wako una mchanga, mwanangu."

Basi akakaanga karanga, akazimenya, akazitwanga, kisha akauchekecha unga wake kwa kitambaa chepesi cha shifoni kilichobaki alipokuwa akishona gauni la bi harusi. Akaupika na tui mpaka ukawa mzito.

Wifi akaja na bakuli lake la mchuzi, akamwambia fundi: "Wifi, si ungebaki na sindano zako tu?"

Fundi akabana midomo. Mama mkwe akachovya mshikaki kwenye bakuli la wifi, akaguna kwa raha. Sasa mshikaki wa pili umezama kwenye bakuli la fundi, na unapanda mdomoni polepole.