Kaa Chini, Itapita

Mlimani kwetu hakuna mtu ambaye Don Eleuterio Ayavire hakumwambia akae chini. Hewa ya huku ni nyembamba, na ugonjwa wake tunauita puna: kichwa kinazunguka, magoti yanalegea, maneno yanakwama. Yeye alizaliwa kijiji cha Talabre, huku huku juu, na puna haikuwahi kumgusa. Kazi ya kuwatibu wengine alijipa mwenyewe. Mtaalamu wa nyota akishuka garini akaanza kupepesuka, mzee huyo hapo na majani yake ya koka ya kutafuna.

"Kaa chini, daktari! Kichwa katikati ya magoti. Itapita."

"Nitatapika, don."

"Tapika, ila umekaa. Nyie watu wa Santiago huko chini mnapenda kuanguka mkiwa wima."

Kazi yake hasa ilikuwa kuinywesha kamera. Darubini yetu hutafuta sayari za nyota nyingine kwa joto lake. Nyota yenyewe huzibwa na kisahani kidogo, ili kile kinukta hafifu cha pembeni kionekane. Lakini kamera ikipata joto, inajiangaza yenyewe na sayari inapotea. Basi kila asubuhi Eleuterio alishuka chumba cha chini na kufungua bomba la naitrojeni ya kimiminika ya kuipoza, ambayo ubaridi wake hauna mfano hata usiku wa jangwa letu. Ikivuja hugeuka mvuke, hutambaa sakafuni na kuisukuma hewa ya kupumua. Haina harufu. Ukungu wake mweupe ukishatoweka, yenyewe bado ipo.

King'ora cha hewa kilikuwepo ukutani, ila kilitengenezewa watu wa bondeni. Huku kililia hata siku za amani, kwa kuwa hewa ya mlima kwake ilikuwa pungufu tayari. Mjinga mmoja akakivika soksi kukinyamazisha, watu wakacheka. Mimi, fundi wa vioo vya darubini, sikucheka. Soksi ile niliichukia na ninaichukia mpaka leo.

"Nayaret, una woga wewe!" mzee alinitania.

"Ipo siku utakitafuta hicho king'ora, don."

"Nikitafute cha nini? Kinalia kuliko mama mkwe wangu."

Juma lile wataalamu walikuwa na nyota waliyoingoja mwaka mzima, na ilikaribia kupotelea kwenye mwanga wa jua. Bomba likaanza kuvuja. Msimamizi akasema litatengenezwa nyota ikishapita. Nilimwangalia usoni nikaona hatanii, nikaogopa kwelikweli.

Kanuni ya chumba cha chini ilitaka watu wawili, mmoja abaki mlangoni. Asubuhi hiyo Wladimir, mwenzake Eleuterio, alishikwa na puna. Eleuterio mwenyewe alimkalisha kwenye kibaraza cha jikoni, akamtia koka mkononi.

"Nisubiri, don, nije," Wladimir akasema.

"Uje uniangukie? Kaa hapo. Nafunga bomba narudi."

Wakati wa chakula, mchuzi wake ulipoa mezani. Nikamuuliza Wladimir, "Mzee yuko wapi?" Akasimama ghafla, akakimbilia chumba cha chini.

Tuliufungua mlango, tukawasha feni, tukangoja kwanza kama tulivyofundishwa. Kungoja kule sitakusahau. Bomba alikuwa amelifunga vizuri. Yeye alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, kichwa katikati ya magoti, majani ya koka kiganjani. Alikuwa ameshakufa. Mlango ulikuwa karibu naye kabisa.

Baadaye mkaguzi alitueleza kwamba naitrojeni ile baridi ilikuwa imelala chini. Hewa ya usawa wa kichwa cha mtu aliyesimama ingetosha kumfikisha mlangoni. Kichwa kilipomzunguka, mzee asiyeijua puna alidhani imemfika na yeye hatimaye.

Usiku ule kamera ilikuwa baridi kama inavyotakiwa, na sayari ikaonekana. Picha yake wameitundika kwenye ukumbi wa chakula. Mimi hula nikiipa mgongo.

Nilipokwenda Talabre, mke wa Eleuterio, doña Saturnina, aliniuliza jambo moja tu.

"Alikuwa amesimama, mwanangu, au amekaa?"

"Amekaa, mama."

"Afadhali," akasema, akinishika mkono. "Angalau alipumzika."

Nikaitikia, "Ndiyo, mama."