Miguu ya Feliksi

Shemeji yangu Feliksi ni mkwea michikichi, na kijiji kizima cha Simbo hakuna mwenye maringo kama yake. Akiwa juu kule, kamba imemzunguka yeye na mti, alikuwa anapiga mluzi huku anakata mikungu, na sisi wanawake chini tunamtukana kwa kutumwagia takataka kichwani. Alipenda sana kutukanwa hivyo.

Mwaka jana, chikichi zimeiva kila mahali, kamba ikakatika. Akaangukia rundo la matawi aliyoyakata mwenyewe. Hospitali mjini wakampiga picha: mifupa mizima, mgongo mzima. Lakini miguu ikakataa. Ukimsimamisha, magoti yanalegea, anakaa chini. Daktari akamwambia kwa upole kwamba mwili umepona, kilichobaki ni hofu, na hofu nayo hufunga miguu. Avute pumzi taratibu, afanye mazoezi, asiiwaze ile kamba. Katika maneno yote hayo Feliksi alisikia moja tu, ambalo hata halikusemwa: mwongo.

"Mama Clementina, mimi najifanya?" alimuuliza mke wake, mdogo wangu Eufrasia, njia nzima ya kurudi.

Hakuwa anajifanya. Nilimwona siku moja akijaribu kufika mlangoni kwa kushika ukuta. Jasho lilimtoka, akaanguka, akalia mbele ya binti yake. Mtu hajifanyi namna ile. Eufrasia akawa anambeba mgongoni, chooni na bafuni, kila siku ya Mungu. Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mambo ya humo ndani hajaniambia hata mimi dada yake.

Chikichi zikaanza kudondoka zenyewe na kuoza. Wakweaji wengine walikuwa na mashamba yao. Kwetu mwanamke hakwei mchikichi. Anachemsha, anatwanga, anakamua mawese, basi. Eufrasia hakumuuliza mtu. Alinunua kamba mpya, akaitundika ukutani, na asubuhi moja akaichukua na panga akaenda shambani nyuma ya nyumba.

Feliksi alikuwa barazani. Akatazama ukutani, kamba hakuna. Akaita, hakuitikiwa.

Yaliyofuata kanisimulia Eufrasia. Alifika juu, akaangusha mkungu mmoja, halafu akatazama chini. Mwili ukafa ganzi. Akaukumbatia mti, hapandi wala hashuki, hata sauti ya kuomba msaada haitoki. Ndipo akamsikia mumewe.

"Mama Clementina! Usitazame chini. Tazama gamba lililo mbele ya pua yako. Hilo tu. Vuta pumzi. Toa. Sasa telemsha kamba kidogo. Mguu mmoja. Vuta pumzi tena."

Akamshusha hivyo, pumzi kwa pumzi. Alipokanyaga ardhi aligeuka, na Feliksi alikuwa amesimama chini ya mti, mikono juu, tayari kumdaka.

"Baba Clementina, umefikaje hapa?"

Feliksi akaitazama miguu yake. Hapakuwa na ukuta wa kushika. Alikuwa amekatiza katikati ya muhogo bila kujua. Mwingine angeruka kwa furaha. Yeye aliona aibu mpaka akaziba uso, akakaa chini kwenye vumbi.

"Nibebe," alisema. "Nikirudi natembea watasema siku zote nilikuwa nakudanganya. Nibebe turudi kama kawaida."

Eufrasia akalaza panga chini. Akapiga magoti, akampa mgongo. Mikono yake ilikuwa imechunwa na magamba kuanzia kiganja hadi kiwiko. Feliksi aliitazama, akashindwa kupanda. Akainuka, akautwika mkungu begani, akatangulia.

Sisi wanawake tulikuwa kwenye mashine, tunakamua mawese. Tukamwona anakuja kwa miguu yake, anayumba, macho chini. Mashine ikasimama. Scola, ambaye Mungu alimpa mdomo akasahau kumpa kufuli, hakungoja hata atue mzigo.

"Kumbe miguu ipo! Na mwenzio anakubeba kama gunia!"

Wenzake wakacheka. Feliksi akautua mkungu. Akanitafuta mimi kwa macho, nadhani kwa sababu nilikuwa ndugu.

"Shemeji, ilikataa. Kweli ilikataa."

Nilitaka kumtetea. Lakini niliwaza mgongo wa mdogo wangu, miezi yote ile, nikageuza uso kwa hasira. Mtu mzima alisimama mbele yetu anatetemeka midomo, nasi tukarudia kukamua.

Eufrasia akafika, panga mkononi, damu imemkaukia mikononi. Akatutazama mmoja mmoja, na kwangu akakawia.

"Ilikataa," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa naibeba. Ninyi mngeujulia wapi uzito wake?"