Mchezo wa Kubana Pumzi

Mume wangu anakoroma. Naanza na hilo kwa sababu jirani zetu wa mtaa wa Nyalukemba wanalijua vizuri kuliko wanavyolijua jina lake. Nyumba zetu zimebanana kwenye mteremko, dirisha la huyu linatazama bati la yule, na Jumapili, baada ya misa na chakula, akijilaza sebuleni, wapita njia wanacheka. Mama mkwe wangu alishuka kutoka kijijini Luhwindja kuja kututembelea na mpaka leo hajaona sababu ya kurudi. Akiisikia ile ngurumo alikuwa anatikisa kichwa kwa raha. "Mwanaume akikoroma hivi, alikula muzuri," alisema. Mimi nilichukulia hiyo kuwa sifa ya sufuria yangu.

Watoto wetu wawili walikuwa na mchezo wao. Mkoromo wa baba yao ulikuwa unapanda, unapanda, halafu unakatika ghafla. Kimya. Hapo wao waliziba pua kwa vidole wakabana pumzi pamoja naye, mashavu yamevimba, macho yamewatoka. Anayeachia ndiye aliyeshindwa. Wote wawili walikuwa wanaachia, wanaanguka kwenye mkeka wakihema na kucheka, na baba yao bado amenyamaza. Kisha anashtuka kwa mkoromo mkubwa kama gari bovu lililokubali kuwaka, na mkubwa anatangaza, "Papa ameshinda tena!" Nilicheka nao, mikono yangu ikiwa ndani ya unga wa muhogo.

Siku za kazi hazikuwa na cha kuchekesha. Mume wangu ni seremala, na alianza kusinzia mbele ya msumeno wa umeme. Alisinzia mbele ya mteja aliyekuwa anamweleza kitanda anachotaka. Asubuhi aliamka kichwa kinamuuma, kinywa kikavu, mkali bila sababu. Kwetu mtu akichoka hivyo jibu liko tayari: damu imepungua. Basi kila asubuhi nilichemsha majani ya matembele mpaka maji yawe mekundu, nikampa kikombe kizima. Mama mkwe akaongeza mboga ya lengalenga, na maini kila tulipoyapata. Alikunywa, alikula, akaendelea kusinzia.

Halafu wifi yangu akajifungua kwa kupasuliwa, na hospitali ikaitaka familia irudishe damu aliyowekewa. Kwetu jambo hilo halijadiliwi, ndugu wanakwenda. Mume wangu ndiye anayeitwa wa kwanza siku zote, maana damu yake inafaa karibu kila mtu. Safari hii tulimsindikiza, mimi na mama yake, nikiwa na hofu kwamba watammalizia kile kidogo alichobakiwa nacho. Nilibeba hata matembele ndani ya termosi, anywe palepale akishatoka kwenye sindano.

Mwanamke wa laboratwari akamtoboa kidole, akapima, akakunja uso, akapima tena. Akatoka, akarudi na daktari.

"Papa hatatoa damu leo," daktari alisema.

"Nilijua," nikamjibu, na kuinua termosi yangu. "Damu yake iko kidogo. Niko namupatia matembele kila siku."

"Hapana, maman. Iko mingi. Inapita kipimo. Iko nzito."

Mama mkwe akapiga makofi. "Asante Mungu! Matembele imetumika kazi!"

Daktari hakucheka. Alimtazama mume wangu, ambaye kichwa kilikuwa kimeshaanza kuinama pale pale kwenye kiti. "Anavutaka sigara?"

"Hata siku moja."

"Anakoromaka?"

"Sana, docteur! Quartier muzima inajua, jirani wote," mama mkwe alijibu kwa fahari.

"Na mukoromo inakatikaka? Ananyamaza, kisha anashtuka?"

Mimi niliyaona mashavu ya watoto wangu yamevimba, pua zimezibwa. Nikakaa kwenye benchi bila kukaribishwa.

Alitueleza taratibu. Mtu wa aina hiyo akilala, koo linajifunga na hewa haipiti. Mwili unaokosa hewa kila usiku unadhani damu ya kuibeba haitoshi, basi unatengeneza nyingine, na nyingine, kama mtu aliyehamishiwa juu ya mlima mrefu ambako hewa ni haba. Matembele hayakuwa na hatia wala na sifa. Siku hiyo hiyo wakamchukua damu ya mshipa. Kipimo kimoja kikaonyesha kwamba mwili wake unapigana vita vya ndani visivyoonekana kwa macho, kingine kwamba sukari imeanza kupanda. Niliuliza kama sasa tuna uhakika. "Dalili ya mvua ni mawingu, maman," daktari alisema. "Damu ni mawingu. Mvua tutaiona akilala."

Kumlalisha hakukuwa na shida. Mchana ule ule walimpa kitanda, wakambana kidole kwa kibanio chenye taa nyekundu kinachosoma hewa iliyo ndani ya damu. Muuguzi alikuwa bado anavuta pazia, na yeye ameshakoroma. Mkoromo ukapanda. Ukakatika.

Namba kwenye kibanio ikaanza kushuka.

Sikuwahi kumtazama akiwa katika kimya kile. Nyumbani nilikisikia tu nikiwa jikoni. Sasa niliona kifua na tumbo vinasukumana, kama mtu anayesukuma mlango uliofungwa kwa nje, na puani hakuna kitu kinachopita. Nikaona pia kwamba hata mimi nimebana pumzi. Nikaachia. Yeye bado. Namba inashuka. Nilishikwa na hofu ambayo sikuwahi kuijua, hata siku za vita na risasi, maana risasi tulikuwa tunaikimbia pamoja. Nikamrukia nikamtikisa mabega nikilia kwa sauti.

"Umuache, maman," muuguzi alinishika mkono. "Tunapashwa kuona."

"Muone nini? Muone akifa?"

Akashtuka kwa ile ngurumo yake, akafungua macho mekundu. "Unalia nini?" akaniuliza. "Nani amekufa?"

Daktari alitaja mashine inayosukuma hewa puani usiku kucha. Inatafutwa mbali, na inataka umeme, na umeme wa kwetu unakuja unapotaka. Wakati tunaitafuta, alisema, aache bia ya jioni, apunguze tumbo, asiguse msumeno, na alale ubavu. Tuliporudi nyumbani mama mkwe alichukua sindano, akashona mfuko mgongoni mwa shati na kutia kokwa kubwa la avoka ndani, ili mwanawe akigeuka chali limuumize. Mume wangu akalalamika kwamba tumemfanya punda wa mizigo. Alilivaa.

Tangu hapo naogopa kimya. Redio ya jirani ikizimwa, nashtuka. Kanisani, baada ya komunyo, watu wote wakinyamaza kusali, mimi nageuka kumtazama kama anapumua. Sala yangu inaishia hapo.

Jumapili moja nilikuwa nje naosha sufuria. Mwanangu mdogo akatoka ndani amenuna.

"Maman, muchezo imeharibika."

"Namna gani?"

"Tunabana, tunabana, na papa iko anapumua tu."

Niliiacha sufuria nikaenda mlangoni na mikono yenye povu. Alikuwa amelala ubavu, kokwa limetuna mgongoni, anakoroma kidogo, kama watu wengine. Nilitaka kucheza kwa furaha. Nikabaki nimeshika mlango, nasubiri pale panapokatika. Mkoromo ukaenda, ukarudi. Ukaenda tena. Mtoto akanivuta kitenge mara ya kwanza, sikugeuka. Akavuta tena kwa nguvu, ananitazama usoni.

"Maman," akasema, "pumua."