Kibati Namba 214 Kilichobaki Ubaoni

Kibati namba 214 ni kipande cha shaba chenye upana wa vidole vitatu, kimetobolewa juu ili kining'inie kwenye msumari. Mfanyakazi anayeshuka chini ya ardhi hukitundika kwenye ubao ulio langoni. Anayetoka hukichukua. Baruti hailipuliwi mpaka ubao uwe mtupu, na kanuni hiyo haina kifungu cha pili.

Jumanne moja ya mwezi wa tatu, saa kumi na moja na nusu jioni, ubao ulikuwa na kibati kimoja. Mwenye nacho, Agapiti Ngassa, fundi wa pampu za maji mwenye umri wa miaka thelathini na tisa, alikuwa mbali na hapo, katika mji wa Masumbwe anakoishi, akiwauliza madereva wa malori kama wamemwona mzee aliyevaa kofia ya kuchimbia.

Mgodi wenyewe hautatajwa hapa. Ni mmoja wa migodi ya chini ya ardhi katika ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita, na kilichotokea siku hiyo kingeweza kutokea katika wowote kati yake.

Mzee aliyekuwa akitafutwa ni baba yake Agapiti. Mzee Ngassa ana miaka sabini na minne. Kwa miaka zaidi ya ishirini alichimba kule Mwakitolyo, na miaka yake ya mwisho alikuwa msimamizi wa duara, kama wachimbaji wadogo wanavyoliita shimo lao. Sasa ana ugonjwa wa kusahau. Hakumbuki kwamba mkewe amefariki, wala kwamba Mwakitolyo ameiacha. Saa anaikumbuka. Kila siku, ikikaribia saa tisa alasiri, huvaa kofia yake na kutaka kwenda kuhesabu watu wake wanapotoka shimoni.

Siku hiyo mkwewe, Monika, mke wa Agapiti, ambaye ni fundi cherehani, alitoka uani akaingia ndani kumpima mteja. Aliporudi lango lilikuwa wazi. Alizunguka mtaa mzima kwanza, kisha akapiga simu ofisi ya mgodini, kwa kuwa simu za mkononi haziruhusiwi chini. Ujumbe ulishuka kwa redio: "Agapiti, nyumbani wanakutafuta. Mzee hayupo."

Agapiti alipanda na gari lililokuwa likipandisha mabomba. Pale langoni alichukua simu yake kwenye kisanduku, akaiwasha, nayo ikaita hapo hapo. Kwa miaka tisa mkono wake wa kulia ulikuwa umezoea kunyooka kuelekea msumari wa 214 bila yeye kuuagiza. Siku hiyo mkono huo ulishika simu, na upande wa pili Monika alikuwa analia. Akapita.

Saa kumi simu iliishiwa chaji. Saa kumi na mbili jioni alimkuta baba yake kwenye maegesho ya malori, barabara kuu ya kwenda Kahama, amesimama mbele ya madereva na matingo wao, anawahesabu kwa kidole.

"Kumi na moja," mzee alisema. "Mmoja hajatoka."

Wakati huo huo watu sita wa kikosi cha uokoaji walikuwa chini wakimtafuta Agapiti. Ujumbe wa redio haukuwa ushahidi kwamba ametoka, dereva aliyempandisha alikuwa ameshaondoka, simu yake haikupatikana, na kibati kilisema bado yumo. Aliyewaongoza ni msimamizi wake wa zamu, Sostenes. Walipita ngazi tatu za mgodi, moja ikiwa na maji ya magotini, kwa sababu pampu aliyokuwa akiitengeneza ilikuwa imesimama. Jiwe la ukubwa wa debe liliporomoka hatua nne nyuma ya mtu wa mwisho. Hakuna aliyeumia. Walipandishwa karibu saa mbili usiku, Agapiti alipopata chaja ya kuazima na kupiga simu.

Asubuhi Sostenes alikuwa akimsubiri nje ya geti.

"Umeamka salama?" aliuliza.

"Salama, kaka."

"Mimi sijalala. Nilikutafuta kama maiti, Agapiti. Natembea kwenye maji huku napanga maneno ya kumwambia Monika. Kumbe mwenzangu uko Masumbwe unakula upepo."

"Nisamehe."

"Usiniombe mimi. Waombe wale watano. Mmoja wao ana harusi Jumamosi."

Agapiti alipewa barua ya kusimamishwa kazi na tarehe ya kikao cha nidhamu, siku saba mbele. Kwa kosa lake, kanuni za mgodi zinaruhusu kufukuzwa bila onyo. Kazi ingepotea, ingekwenda na nyumba ya kupanga, ada za watoto wawili, na bima ya afya ambayo ndiyo inayompatia mzee dawa zake.

Alikuwa ameamua kujitetea kwa neno moja: nilisahau. Ugonjwa wa baba yake alikuwa ameuficha kazini kwa miezi kumi na minne. Alibadilishana zamu na wenzake kwa visingizio vya misiba, mpaka mmoja akamwambia kwamba ukoo wake unakaribia kwisha. Aliamini, kama wengi pale, kwamba mtu akisema ana mzigo nyumbani, ataandikwa kuwa akili yake haipo kazini, na cheti cha kushuka chini kitafutwa.

Mgodi una dawati la ustawi wa wafanyakazi. Liko kwenye kontena la kijani nyuma ya zahanati, na huduma zake ni bure na siri. Wafanyakazi wanaliita kontena la machozi. Aliyeonekana akiingia hutaniwa wiki nzima, halafu huanza kuogopwa.

Siku ya tatu Sostenes alimpigia simu. "Njoo. Nakupeleka kwenye kontena."

"Kaka, si ndiyo unanimalizia kabisa?"

"Umeshajimaliza mwenyewe. Twende."

Ofisa wa dawati ni Mwaisha Sabiti, mzaliwa wa Kahama, msomi wa ustawi wa jamii. Aliwapokea wote wawili kwa "karibuni" ya kawaida, akatoka kwenda kuchukua faili. Sostenes hakungoja. Alifungua kabati la chini kushoto, akatoa vikombe viwili, akavuta chupa ya chai iliyokuwa nyuma ya pazia, akamimina.

Agapiti alimtazama.

"Umejuaje vikombe viko hapo?"

Sostenes alikunywa kwanza. "Limi wangu ana selimundu," alisema. Limi ni binti yake wa miaka minane. "Akishikwa na maumivu, mama yake hawezi peke yake. Mwaka wa pili huu nakuja hapa kila mwezi. Na bado nashuka chini, na bado nakupigia kelele."

"Hukuwahi kusema."

"Na wewe je?"

Mwaisha aliporudi alisema jambo moja kabla ya lolote: dawati haliwezi kufuta kosa. Watu sita walihatarishwa, na kikao kitakuwa na haki ya kuliuliza hilo. Linachoweza kufanya ni kuandika, kwa ridhaa ya Agapiti tu, hali ya nyumbani na mpango wa kuibadili. Asipotaka iandikwe, haitaandikwa.

"Nikikubali wataninyang'anya cheti," Agapiti alisema.

"Huenda wakakutoa chini kwa muda. Sitakudanganya. Lakini sasa hivi unaulizwa kwa nini uliacha kibati, na jibu la kweli huna pa kulisemea."

Agapiti aliomba afikirie. Mwaisha akaomba kitu kingine: kumwona mzee.

Alifika Masumbwe Jumapili, baada ya misa. Mzee Ngassa alikuwa kwenye kiti cha kamba, kofia magotini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu," mzee alijibu, kwa neno ambalo Wasukuma humwitia mama au mwanamke wa kuheshimiwa. "Wewe ni wa duara lipi?"

"Sina duara, baba. Nimekuja kukusalimia."

"Basi usikae karibu na mdomo wa shimo."

Monika alicheka, kisha akaacha kucheka. Alipoulizwa anapumzika saa ngapi, alimtazama mumewe kwanza. "Yeye anashuka masaa kumi na moja, anatoka. Shifti yangu mimi haina kutoka. Hata nikienda kuoga naimba kwa sauti, ili baba ajue nipo."

Agapiti alikuwa hajui maana ya nyimbo hizo. Alidhani mkewe anapenda kuimba.

Ilipofika saa tisa kasoro mzee alivaa kofia. Monika alitaka kumshika mkono. Mwaisha akamzuia, akamuuliza mzee anakwenda wapi.

"Kuhesabu."

"Ni wangapi?"

"Kumi na wawili." Mzee alionekana kushangazwa na swali.

Agapiti ndiye aliyeeleza. Mwaka mmoja wa mvua nyingi, baba yake alihesabu watu wake wakitoka, wakawa kumi na mmoja. Walirudi chini kumtafuta wa kumi na mbili. Ukuta ukaporomoka, na mmoja wa waliorudi alikatwa mguu. Kesho yake yule wa kumi na mbili alikutwa kwake, mzima. Alikuwa ametoka kwa njia ya pembeni bila kuaga, kwa sababu mkewe alishikwa na uchungu. Tangu siku hiyo Mzee Ngassa hakumruhusu mtu kuondoka bila kumgusa kiganja.

"Nimekua na hadithi hiyo," Agapiti alisema. "Nilikuwa namlaani yule mtu."

Kisha akamwambia Mwaisha aandike.

Kikao kilifanyika siku tatu baadaye. Mwenyekiti alisoma mashtaka, akauliza kama mtuhumiwa ana la kusema. Agapiti alieleza juu ya baba yake, miezi kumi na minne, misiba ya uongo. Kisha akasimulia ya yule wa kumi na mbili. Hakuomba ahurumiwe. Alisema anajua vizuri kuliko yeyote chumbani humo kosa hilo linaweza kuzaa nini, na bado alilifanya.

"Kwa nini hukuomba ruhusa mapema?" mwenyekiti aliuliza.

"Niliogopa kontena."

Mmoja wa wajumbe alicheka kidogo. Sostenes, aliyeitwa kama shahidi wa upande wa mgodi, aliomba kuongeza. Alisema amemtafuta mtu huyu chini ya ardhi na bado ana hasira naye. Kisha, mbele ya watu wanane, akasema kwamba yeye mwenyewe ni mteja wa kontena, na akataja sababu. Hakuna aliyecheka tena.

Uamuzi ulitoka saa saba mchana. Onyo la mwisho la maandishi. Kutolewa chini ya ardhi kwa miezi sita, kazi ya karakana ya juu, bila posho ya shimoni. Kwa mapendekezo ya dawati, zamu moja tu, ya alfajiri hadi saa nane mchana. Mzee apelekwe kliniki ya magonjwa ya akili na ya uzeeni. Na msaidizi aliyefunzwa akae naye mchana, siku tatu kwa wiki, kwa miezi mitatu ya kwanza, ili Monika ashone au alale.

Si kila kitu kimekaa sawa. Bila posho, mtoto mkubwa amehamishwa shule, na hajamsamehe baba yake. Msaidizi wa kwanza aliondoka baada ya wiki moja, kwa kuwa mzee alimshuku kuwa mwizi wa mawe yenye dhahabu. Miezi mitatu ikiisha, hakuna ajuaye nani atakaa naye.

Jambo moja lilitoka kwa Agapiti mwenyewe. Alichukua ubao karakanani kwa ruhusa, akapigilia misumari kumi na miwili, akakata vibati vya bati la debe. Ubao uko ukutani, kando ya kiti cha kamba. Vibati ni vya watu wa nyumbani, majirani na wateja wa Monika. Hapa kanuni imegeuzwa: anayeingia uani, kana kwamba ametoka shimoni, hutundika chake. Ikifika saa tisa, Mzee Ngassa husimama na kuhesabu. Ubao ukijaa, hana sababu ya kwenda barabarani.

Alhamisi iliyopita basi la wafanyakazi lilichelewa. Saa tisa na robo mzee alikuwa bado amesimama, kofia kichwani, kidole kwenye msumari mtupu, na Monika amesimama kwenye lango. Agapiti aliingia mbio, mkono wa kulia umeshanyooka.

"Na huyu wa kumi na mbili?" mzee aliuliza.

"Ni mimi, baba. Nimetoka."

Mzee alikigusa kiganja chake, akakitazama kibati kikitulia ukutani. Kisha akavua kofia, akakaa, akaomba uji.