Walivyoombea Moyo Kumbe Ni Jino

Nichekeni tu, maana hata nikinyamaza watu wote hapa Bonga wanajua. Mimi nina bucha, kutwa navunja mifupa ya ng'ombe kwa shoka, lakini koleo la daktari wa meno naliogopa kuliko kifo (ndiyo, mzee mzima, babu wa wajukuu).

Sasa mwaka juzi mshipa wangu wa moyo uliziba, wakaniwekea stenti, kile kijibomba cha waya cha kuutanua, na tangu hapo naenda kliniki napimwa damu, kwa sababu mshipa unaweza kusinyaa tena palepale. Siku moja daktari, binti mpole tu, akaangalia majibu, akakunja uso.

"Baba Neema, kipimo hiki kimepanda. Kinaniambia mwilini kuna moto, ila hakiniambii unawaka wapi. Una kidonda? Kikohozi? Jino bovu?"

Gego langu lilikuwa limeninyima usingizi wiki nzima, nakunywa uji kama mtoto. Nikajibu, "Sina, daktari."

Basi afanyeje? Akasema kama hakuna kingine, itabidi niende hospitali kubwa wakautazame mshipa wenyewe. Mke wangu alikuwa pembeni, na kwenye bajaji alinishika mkono, na mimi badala ya kusema ukweli nikajifanya naangalia ziwa. Kufika jioni, shemeji yangu wa Sigino ameshatafuta mnunuzi wa fahali wake ili nisafiri, Neema analia kwenye simu, na sebule imejaa waombaji.

Nikapiga magoti. Mama Mchungaji (ana mikono ya kusonga ugali wa harusi yule mama) akaniwekea mkono kichwani, akauteremsha taratibu, akautua shavuni. Shavu lenyewe. Nikapiga ukelele majirani wakatoka nje, nikasema "Niacheni!", na hapo ndipo nikaharibu kabisa, maana wenzangu walijua pepo ameguswa. Wakazidisha maombi, Mama Mchungaji akalishika taya kwa mikono miwili akimwamuru atoke, mimi nagaagaa kwenye mkeka, shemeji amenikalia miguu (eti alikuwa anasaidia).

"Subirini kwanza," mke wangu akasema. Akawasha tochi ya simu. "Baba Neema, fungua mdomo."

Akachungulia, akanusa, akazima tochi. "Mama Mchungaji, mwachieni. Huyu ana jino limeoza."

Shemeji alicheka mpaka akashika ukuta. Mama Neema hakucheka. Alienda jikoni, nikamfuata, nikamkuta anajifuta machozi kwa kanga.

"Nilishaanza kuwaza nitabaki na nani," akasema.

Pale ndipo nilipoona aibu, wapendwa, ile ya sebuleni ilikuwa mchezo.

Daktari alipoambiwa hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Akaongea kwanza na wa meno kuhusu dawa zangu za kuzuia damu kuganda, gego likang'olewa (nililia, sifichi), na damu ilipopimwa tena kipimo kilikuwa kimeshuka, akasema kwa sasa hana sababu ya kuushuku mshipa. Fahali bado yupo Sigino, shemeji amempa jina Gego.

Siku hizi daktari akiniuliza namwambia yote, hadi ukucha ulioota vibaya. Na kila siku ya kliniki, kabla hatujatoka, Mama Neema husimama mlangoni na tochi ya simu. Nafungua mdomo, wala sibishi.